Mende Walioikataa Sukari

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mende, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Wapo watu wanaoitwa kwa vyeo wasivyovitolea jasho. Yeye mende alikuwa anawaua kweli, na alikuwa amewaua kwa miaka kumi na mitano, kwenye majiko ya hoteli, kwenye stoo za maduka, na zaidi ya kote kwenye kiwanda cha mikate kilichompa kazi yake ya kwanza. Hakupuliza moshi, wala hakunyunyiza maji ya kunuka. Alitumia chambo. Unga wa sumu ulikorogwa na shira nzito ya sukari, ukawekwa vitone vitone kwenye pembe za makabati, nyuma ya mabomba na chini ya tanuri. Mende anakula, anakwenda kufia kwake, na mwenye jiko haoni hata mguu.

Kwa hiyo Jumatatu ile, mkuu wa kiwanda, mama wa maneno machache ambaye wafanyakazi walimwita Mama Tanuri, alipomwonyesha trei ya mikate ya moto na mende wanne wazima wakitembea ukingoni kwa raha zao, Bwana Mende alidhani anataniwa.

"Hawa ni wa nani?" aliuliza.

"Wako," alisema Mama Tanuri. "Mimi nauza mikate."

Akamtangulia mpaka stoo. Kule hali ilikuwa ya aibu tupu. Mende wadogo wa kahawia walikuwa wamejaa nyuma ya makopo ya mafuta ya kupaka trei, wengine kwenye hamira, wengine wamejibanza kwenye bawaba za mlango. Mama Tanuri alisema kwamba zamani, wakionekana, walionekana kwenye magunia ya sukari. Sasa magunia hayo hawayasogelei, utafikiri yana moto.

"Ijumaa ya wiki ijayo mkaguzi wa afya anakuja," alisema. "Akimkuta mmoja tu, ananifungia. Na wewe utatafuta pengine pa kufanyia kazi."

Bwana Mende alipiga magoti, akamulika kwa tochi. Vitone vyake vyote vilikuwepo, vimekauka, vinang'aa, na hakuna hata kimoja kilichomegwa. Chambo cha wiki mbili, na hakijaliwa. Alimgeukia msaidizi wake, mwanamume mwenye mke na watoto watatu, ambaye jina lake la nyumbani lilishasahaulika kazini kwa sababu kwa miaka minne alikuwa na jibu moja tu kwa kila kitu. Walimwita Sawa Bosi.

"Joto la tanuri limeharibu sumu," alisema Bwana Mende. "Au siyo?"

"Sawa, bosi."

"Au sumu yenyewe ilikuwa mbovu tangu dukani."

"Sawa, bosi."

Mtu wa namna hiyo ni raha kufanya naye kazi mpaka siku unapohitaji jibu.

Aliyekoroga chambo nyumbani alikuwa dada yake. Alimzidi Bwana Mende miaka sita, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na tangu mumewe naye afariki, aliishi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mdogo wake. Yeye ndiye aliyebuni utaratibu ambao Bwana Mende alijitapa nao kwa kila mteja. Siku ya kazi ile ya kwanza kabisa, kabla hawajaweka hata tone moja la chambo, dada alikamata mende hai kama ishirini pale pale kiwandani, akawatia kwenye ndoo kubwa iliyopakwa mafuta ukingoni wasipande. Akawalisha makombo na maji ya sukari. Wakazaana, na wajukuu wakazaana, na ndoo ikawa haikauki. Kila akikoroga chambo kipya alichota mende kumi, akawaweka kwenye beseni, akawapa tone. Wakifa wote kumi kufikia kesho yake, chambo kinakwenda kazini. Akibaki hai hata mmoja tu, chambo chote kinamwagwa.

"Kile cha mwisho ulikijaribu?" Bwana Mende aliuliza kabla hata hajavua viatu.

"Lini niliacha kujaribu?"

"Kijaribu tena."

Dada hakubisha. Alitoa kopo lililobaki, akachota mende kumi. Asubuhi ya Jumanne wote kumi walikuwa chali, miguu juu. Bwana Mende aliwahesabu mara mbili, akamgusa mmoja mmoja kwa njiti ya kiberiti.

Sasa hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Sumu si mbovu, maana ndoo inakufa. Kiwandani hakuna anayekufa. Alikwenda duka lingine akanunua unga mwingine. Ndoo ikafa, kiwanda kikaishi. Akafikiri labda chambo hakivutii vya kutosha, akamwambia dada aongeze sukari mara mbili, kwa sababu mende ni mende na utamu ni utamu. Shira ikawa nzito mpaka mwiko unasimama. Wa ndoo walikifakamia, wakafa mapema zaidi. Kiwandani, Sawa Bosi alivitia vitone vipya kila pembe, na kesho yake Mama Tanuri akakuta mende ndani ya mkoba wake mwenyewe.

Alhamisi jioni Bwana Mende aliketi sebuleni akipanga mambo kichwani. Chambo ni kimoja. Mende ni wale wale, hata rangi hawatofautiani. Huku wanakufa, kule hawafi. Alipozunguka kote na kurudi pale pale, akaona njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ilipita juu ya dada yake.

"Dada," alisema, "huenda chambo si kimoja."

Dada alikuwa anaosha mwiko. "Maana yake nini?"

"Cha ndoo unakitia unga kamili. Cha kwangu unanipa shira tupu."

"Ili nipate nini?"

"Unga unaobaki si kitu cha kutupa. Wapo wanaofanya kazi kama yangu, wananunua."

Dada aliweka mwiko chini taratibu. "Mdogo wangu, hebu rudia ulichosema."

Mwenye akili angemeza mate akaomba radhi. Yeye alirudia, tena kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza neno wizi ambalo mara ya kwanza hakulitaja.

Dada alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Aliingia chumbani, akatoka na begi moja. Binti yake aliishi mtaa wa tatu kutoka pale. Mlangoni alisema, "Usisahau kulisha ndoo," akaenda. Bwana Mende alibaki na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu nyumba ile hakuwahi kuikalia peke yake.

Ijumaa akakoroga mwenyewe. Alipima unga kwa mikono yake, akazidisha kidogo, akachemsha shira, akaungua kidole. Akachota mende kumi wa ndoo, akawapa, wakafa wote. Akachukua kopo lile lile, bila kumpa mtu yeyote alishike hata njiani, akaenda nalo kiwandani, akapiga magoti akaweka vitone kwa mkono wake. Jumamosi alirudi akakuta vitone vyote vipo, na mende wanapita pembeni yake wakielekea kwenye mafuta.

Alikaa chini sakafuni, juu ya unga wa ngano uliomwagika. Mwizi hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Alimwita mwizi mtu aliyemfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza ya shule, na alimwita hivyo kwa sababu ya wadudu. Alitaka kwenda kwa dada saa ile ile, lakini angesema nini? Kwamba amekosea, sawa. Dada angeuliza, basi ni nini kinachoendelea? Na yeye hakuwa na jibu hata la kuokoteza.

Jumapili mchana tanuri lilikuwa limezimwa na wafanyakazi hawapo. Bwana Mende aliomba ufunguo, akaziba dirisha la stoo kwa magunia matupu, akafunika tochi kwa kitambaa chekundu ili mwanga usiwashtue, akaketi juu ya ndoo ya mafuta. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameweka chambo na kuondoka. Hakuwahi hata siku moja kubaki kumtazama mende akila.

Kiza kikazoeleka. Mende mmoja akatoka, vipapasio mbele, akakifikia kitone. Akakigusa kwa mdomo. Papo hapo akaruka nyuma, akaanza kujifuta mdomo kwa miguu ya mbele, akajifuta na kujifuta, kisha akakizunguka kitone kwa mbali akaenda zake. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wa tatu, mdogo kabisa ambaye hata mabawa hajaota, naye akaonja akaruka. Bwana Mende alitazama mpaka shingo ikamuuma. Hakuna hata mmoja aliyekula.

Basi mawazo yakaanza kumchezea. Labda kuna anayewaonya. Labda wananusa mkono wake. Alifika mahali pa kuwaza kwamba wanamjua kwa sura, akazima tochi ajaribu, akaiwasha tena, akajiona zuzu. Mwishowe alikamata kama thelathini kwa chupa ya mdomo mpana, akafunga kwa kitambaa. Hakujua anawakamatia nini.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mpwa wake, chupa mkono huu, ndoo mkono ule, na mfuko wenye chambo na unga wa sumu begani. Mpwa alikuwa kazini. Dada ndiye aliyefungua.

"Nimekukosea," alisema Bwana Mende kabla hajasalimia. "Nilikoroga mwenyewe. Hawakufa."

Dada alisogea pembeni ya mlango. "Ingia. Viatu vyako vina unga."

Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alitandika gazeti uani, akaweka mabeseni mawili. Kwenye moja akamimina kumi wa ndoo, kwenye lingine kumi wa chupa, kila upande tone moja la chambo kile kile, akafunika kwa khanga ya zamani ili kuwe na giza. Walisubiri kidogo. Alipofunua, wa ndoo walikuwa wamekizunguka kitone kama watoto kwenye sinia. Wa kiwandani walikuwa wamejibana ukingoni, wanajifuta midomo.

"Hawa ni ndugu," alisema dada. "Hawa wa ndoo niliwatoa kule kule."

"Hicho ndicho kinachonichanganya. Nani amewafundisha wale?"

Dada alichuchumaa, akawatazama. "Siku ya kwanza kiwandani uliwaua wote?"

"Karibu wote."

"Waliobaki walibaki kwa nini?"

"Bahati."

"Wengine bahati. Lakini wewe maziwa huyapendi tangu mchanga. Nilikushika pua nikunyweshe, ukatapika. Nani alikufundisha?"

"Nilizaliwa hivyo."

"Basi sema kulikuwa na mende mmoja katika elfu aliyezaliwa hivyo, utamu kwake ni uchungu. Kabla yako huyo alikuwa na shida, maana kiwanda kimejaa sukari, wenzake wanashiba yeye anahangaika. Umekuja na chambo. Wenzake wote wamekula wamekufa. Mafuta yote yamekuwa yake, mashimo yote yake. Akazaa. Watoto wake wamezaliwa na mdomo kama wake. Miezi michache wakawa wakubwa, ukarudi na sukari yako, ukafagia tena wanaoipenda. Fanya hivyo miaka kumi na mitano."

Bwana Mende alikunja uso. "Kwa hiyo wamejifunza polepole."

"Hakuna aliyejifunza, wewe. Aliyekula alikufa na somo lake. Mende mmoja mmoja hajabadilika hata unywele. Aliyezaliwa anapenda sukari amekufa anaipenda. Kilichobadilika ni nani wamebaki."

"Na hawa wa ndoo?"

"Hawa nachota kumi wowote kwa kikombe. Waliobaki hawajawahi kuonja sumu. Wako kama walivyokuwa babu zao siku ile." Kisha akasema kwa uchungu, "Na mimi miaka yote nilikuwa najaribu chambo kwa mende ambao hawapo tena popote isipokuwa humu."

Bwana Mende alisikia kila neno, na bado kuna kitu kilikuwa hakikai. Aligeuza kichwa huku na kule. "Lakini lazima kuwe na aliyewachagua. Mambo hayawi hivi hivi."

"Wewe."

"Mimi nilikuwa nawaua."

"Ndivyo ulivyowachagua."

Jibu hilo halikumwingia sawasawa. Yeye, fundi wa kuua mende, alikuwa amefuga mende wasiouawa na kazi yake, na hakukuwa na siku hata moja aliyokusudia hivyo.

Dada alikwenda jikoni, akarudi na kijiko cha mafuta magumu ya kukaangia, akayapondaponda na unga wa sumu bila chembe ya sukari, akaweka kwenye beseni la mende wa chupa. Hawakuruka. Walikula. "Tumia hii," alisema. "Na usikae nayo miaka kumi na mitano. Badilisha badilisha."

Siku tatu zilizofuata Sawa Bosi alifagia mende wafu kwa koleo. Ijumaa mkaguzi alifungua kila kabati, akapitisha kidole nyuma ya makopo, akaandika alichoandika, akaondoka na mkate wa bure. Mama Tanuri alimpa Bwana Mende mkono. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jumamosi Bwana Mende alikwenda kumchukua dada, akaenda na Sawa Bosi wa kubeba begi. Alikuwa na uhakika. Kosa amelikiri, kazi imepona, sasa kilichobaki ni watu kurudi nyumbani. Nyumba ilikuwa imemshinda wiki nzima. Alikuwa anaacha redio inaongea peke yake ili kuwe na mtu.

Dada aliwakaribisha uani. Begi halikuwa limefungwa. Hata halikuonekana.

"Kabla ya begi," alisema, akamgeukia Sawa Bosi, "wewe ndiye uliyekuwa unaweka chambo kila mara. Hukuwahi kuwaona wakikikimbia?"

Sawa Bosi alitazama viatu vyake.

"Jibu," alisema Bwana Mende.

"Niliwaona."

"Lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua. Wanaonja wanaruka. Mwanzo wachache, halafu wengi."

Bwana Mende alimkaribia. "Mwaka mzima? Mbona hukuniambia?"

Sawa Bosi alijibu polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu yenye maji. "Yule mrefu alikuambia kopo lako la zamani la chambo linavuja. Mwezi ule ule ukamwondoa. Yule dereva alikuambia bei zako zinafukuza wateja, ukamwondoa. Yule mama wa usafi alikuambia huwasikilizi wenzako, hakumaliza wiki. Mimi nina watoto watatu, bosi. Nikaona ninyamaze."

Bwana Mende alimtazama dada, akitegemea amtetee, aseme kwamba watu wale walikuwa wavivu, walikuwa na midomo mirefu. Dada hakusema hivyo.

"Hata mimi," alisema dada. "Mwaka juzi nilitaka kukuambia tujaribu chakula kingine, ukaniuliza mimi na wewe nani fundi. Nikakoroga sukari. Siri ya mtu kudumu na wewe ni hiyo, kunyamaza. Siku niliyokujibu ndiyo siku niliyoondoka."

Maneno hayo yalimwingia yote, na safari hii hakuhitaji mabeseni. Aliona watu wote waliopita mikononi mwake, mmoja mmoja, na wale waliobaki wakimwitikia. Hakuwahi kukusudia. Macho yalimwuma, na hakujali kwamba Sawa Bosi anamwona.

"Nini kingine hamjaniambia?" aliuliza.

"Mengi," alisema dada. Alivuta kigoda akakisukuma kwake kwa mguu. "Keti. Habari za kurudi tutazizungumza nikimaliza, kama utakuwa bado umekaa."

Bwana Mende akaketi. Sawa Bosi naye alitazama huku na huku, akachukua kigoda kingine, akakisogeza karibu.